Kipimo cha Mtoto wa Sakafuni

Mama mmoja akaaye katika nyumba ya kupanga huko Kariakoo aliniuliza swali nisiloweza kulijibu mara. Alisema: "Mwalimu, kila usiku nawasha dawa ya mbu ya kuchoma, maana naogopa homa. Mtoto wa jirani hukohoa mpaka alfajiri. Je, namkosea?" Nilitaka kumjibu upesi, nikanyamaza.

Waijuao Kariakoo wanazijua nyumba za namna hii: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na mara nyingi kuta za vyumba hazifiki mpaka kwenye paa. Basi moshi uwashwao katika chumba kimoja hauombi ruhusa ya kupita. Awashaye amewawashia wote, ijapokuwa adhani amefunga mlango wake.

Lakini tusifanye haraka kumlaumu. Malaria ingali inaua, na katika mwaka 2014 na tena 2019 homa ya dengi iliwapata watu wengi wa Dar es Salaam, nayo huletwa na mbu waumao mchana. Asemaye, "Acheni dawa zote," labda hajakesha na mtoto aungua kwa homa.

Hata hivyo moshi huo ni kitu gani? Mwaka 2003 wataalamu waliopima dawa za kuchoma zilizotoka China na Malaysia walitangaza kwamba moja ikiungua yote hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hata 137. Ni nani angemruhusu mgeni avute hata sigara kumi karibu na kitanda cha mtoto? Ila huu huitwa dawa, na jina hilo latutuliza. Katika lugha yetu iponyayo kikohozi ni dawa, na iuayo panya ni dawa vilevile.

Basi kila mtu amepata sumu kadiri gani? Hapo pana kazi. Wataalamu hupima hewa ya chumba na vumbi la sakafu. Huwauliza watu wakaa ndani saa ngapi. Hupima na mkojo. Lakini dawa nyingi za siku hizi, zilizotengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto, hutoka mwilini kwa siku chache tu. Kwa hiyo mkojo wa Jumatatu hushuhudia habari za Jumamosi, si za mwaka mzima. Naye aulizwaye husahau, au huona haya kusema kwamba kunguni wamejaa kitandani mwake. Mwisho wa yote ni kukisia, wala si aibu kukisia. Desturi ya wataalamu ni kutafuta kiasi kisichomdhuru mnyama, kisha kukigawanya kwa 100: mara 10 kwa kuwa mtu si panya, na mara 10 tena kwa kuwa watu hawalingani. Mimi naipenda hesabu hii, maana ni kama ungamo la mtu ajuaye kwamba hajui yote.

Lakini tuulize: ni nani aliyewekwa katika hesabu yetu sisi, tunapopuliza dawa ya mende na kusema, "Kidogo tu hakidhuru"? Kwa kawaida ni sisi wenyewe, watu wazima. Mtoto mchanga, kwa kila kilo ya mwili wake, huvuta hewa karibu mara mbili ya mtu mzima. Tena hutambaa sakafuni, ambako dawa iliyopulizwa hutua, kisha hutia vidole kinywani. Kidogo chetu si kidogo chake. Naona basi kwamba mwenye kukisia kwa ajili ya wengine hana haki ya kuanza na mwili wake mwenyewe. Aanze na aliye mdogo kuliko wote chini ya paa lile.

Na wachuuzi wapitao na vipaza sauti, wakinadi dawa ya panya, mende na kunguni? Pengine iliyomo imemiminwa katika chupa ya maji, haina jina wala maandishi. Hapo hakuna kukisia tena, maana huwezi kugawanya kwa 100 usichokijua. Chupa ya namna hiyo mimi siiingizi nyumbani, hata kunguni wakinila.

Yule mama nilimwambia abishe hodi kwa jirani, amwulize habari za mtoto, na wafikiri pamoja juu ya vyandarua. Chandarua nacho hutiwa dawa, lakini hiyo hushikamana na nyuzi, haivutwi kama moshi.

Alirudi juma la pili. Kumbe jirani naye huwasha dawa usiku kucha, kwa kumwogopea mtoto huyo huyo. Sasa wamepatana kutafuta vyandarua viwili, na pakiti iliyobaki imewekwa juu ya kabati ukumbini, asiiwashe mtu pasipo kumwambia mwenzake.