Mbwa Hawezi Kunidai

Ziwani hakuna ziwa. Wageni wakiuliza, tunawaonyesha madimbwi ya Aprili katikati ya nyumba za kanju na kucheka. Rafiki yangu aliyehamia Mombasa hunitumia video akitembeza mbwa wake ufuoni Nyali, kusi inavuma, mbwa anafukuza kaa. Namjibu kwa picha ya Simba akinusa taka kando ya Mto Nairobi. Ananicheka. Lakini ukiufuata mto huu, unaingia Athi, Athi inageuka kuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Kwa hivyo mimi pia natembeza mbwa kando ya bahari, ni vile tu yangu bado iko mbali na inanuka.

Tunatoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kila siku. Tunapita Kariokor, ambako Simba lazima akague kila mahali palipochomwa nyama jana, tunateremka hadi mtoni upande wa Gikomba, tunarudi. Februari ni vumbi. Julai ni ile baridi ya manyunyu, na mbwa mwenyewe amezeeka, miguu ya nyuma imeanza mgomo. Mvua ikinyesha tunaloa. Mwavuli wangu hautoshi watu wawili, na ndiyo, nimesema watu.

Sikumnunua. Juni 2018 Gikomba iliungua, na moto ule uliua watu 15. Naiweka hesabu hiyo mbele ili mtu asidhani nimeisahau nikiongea habari za mbwa. Siku chache baadaye huyu alikuja akalala mlangoni kwangu, manyoya ya ubavu mmoja yamechomeka. Siku ya kwanza nilimfukuza. Ya pili pia. Siku ya tatu nikampa maji, na hapo ndipo nilijiingiza.

Mtaani mbwa ana kazi moja, kulinda. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, na kwenye geti panaandikwa Mbwa Mkali. Kutembeza mbwa ni mambo ya Lavington na Kileleshwa, na hata huko anayeshika kamba mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa, mwenye mbwa yuko ndani anakunywa kahawa. Kwa hivyo nikipita na Simba mimi ni kichekesho. Nilizoea kuitwa mzungu wa Ziwani. Nilichokuwa sijazoea ni kuulizwa swali la maana.

Aprili 2024 mto ulifurika. Usiku ule mvua haikupumua, na asubuhi nilitoka na Simba kama kawaida, kichwa changu bado kiko kitandani. Huko chini watu walikuwa wanavuta magodoro kutoka kwenye matope. Mama mmoja alikaa juu ya mtungi wa gesi na mtoto mapajani, hasemi kitu. Kijana mmoja, maji magotini, akainua macho akaniona. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua: “Buda, sisi hatuna pa kulala, na wewe unatembeza mbwa?”

Nikasema pole. Nikageuza mbwa nikarudi.

Siku mbili sikutoka. Niliona aibu. Nilikaa ndani na simu, nikitazama mafuriko yale yale yaliyokuwa dakika kumi kutoka kwangu. Simba alijizuia mpaka akashindwa, akakojoa mlangoni, halafu akatazama ukuta. Hapo ndipo nilianza kufikiri vizuri. Kukaa kwangu ndani hakukuwa kumempa mtu yeyote godoro. Nilikuwa nimempunguzia mbwa, na nilichompunguzia hakikumfikia binadamu.

Hilo ni jibu rahisi, na silipendi sana kwa sababu linanifaa mimi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ina bei. Utumbo ninaomchanganyia kwenye ugali una bei. Pesa hizo zingeweza kuwa unga wa mtu. Kijana yule hakukosea kuuliza, na swali lake ni la zamani kumliko. Babu yangu alifanya kazi jikoni kwa setla. Alisimulia kwamba mbwa wa pale walikula nyama, yeye akila posho. Hakuwachukia wale mbwa. Aliyemchukia tunamjua.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa karne ya 18, aliishi Königsberg, karibu na Bahari ya Baltiki, naye alikuwa mtu wa kutembea kila siku. Alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Hata hivyo, mbwa aliyekutumikia akizeeka umtunze mpaka afe, kwa sababu anayezoea kuwa mkatili kwa wanyama huwa mgumu pia kwa watu. Yaani mbwa ni mazoezi tu, kama jimu ya moyo. Mechi yenyewe inachezwa na binadamu. Nikimkumbuka yule setla wa babu, naona mazoezi aliyafanya vizuri sana na mechi hakuicheza.

Aliyenisaidia kufikiri ni jirani yangu, nyanya mmoja mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Simba akimlamba itabidi aoshe mara saba, mara moja kwa mchanga, ndiyo maana akituona tu anaita kutoka mbali, “Mjukuu wangu, shika kamba!” Hampendi mbwa na hajifanyi. Lakini jua la Februari likiwaka, ni yeye anayeacha kopo la maji pale kando ya mfereji. Nilipomwuliza akanisimulia hadithi ya Mtume niliyokuwa nimeisikia nusu nusu: mtu mwenye kiu alishuka kisimani akanywa, alipotoka akaona mbwa anaramba matope kwa kiu, akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho. Mungu akamsamehe. “Alimpa maji,” nyanya akasema. “Hakumkumbatia.”

Nimeizungusha sana akilini. Katika hadithi hiyo hakuna mtu mwingine anayeona. Mbwa hawezi kumshtaki yule bwana kwa chifu, hawezi kumwanika mtandaoni, hata hajui kwamba kisima kina maji. Binadamu unayemnyima anaweza kukudai, hata kama ni kwa macho, hata kama ni kwa swali moja akiwa kwenye matope. Simba hawezi. Nisipoamka kesho atalala tu na kunisubiri, na akiniona atatingisha mkia kana kwamba sikumkosea. Hiyo ndiyo inaniamsha. Siamki kwa sababu yeye ni bora kuliko mtu. Kwake hakuna kitu cha kunilazimisha isipokuwa mimi.

Siku ya tatu nilishuka na kamba mkono mmoja na mfuko wa nguo na blanketi mkono wa pili. Sikubeba jibu. Kijana akapokea mfuko, akampa yule mama, halafu akamtazama mbwa.

“Huyu si Tomi?”

Masikio ya Simba yakasimama. Miaka sita nilikuwa sijawahi kuyaona yakisimama vile. Kumbe kijana alisukuma mkokoteni kwenye yadi ya mbao alikokuwa mbwa kabla ya moto. Akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye ule ubavu. “Sisi tulidhani alichomeka,” akasema. Kisha akarudi kwenye magodoro, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza tena.

Mei, Serikali ilipoamuru watu wahame mita 30 kutoka mtoni, alienda kukaa kwa dadake Dandora. Bado anakuja Gikomba na mkokoteni. Tukikutana asubuhi anaita Tomi, mimi naita Simba, na mbwa anaenda kwake kwanza. Swali lake hajalirudia wala hajaliondoa.

Leo kulikuwa na manyunyu. Karibu na soko la Kariokor Simba aliketi katikati ya njia akakataa kuendelea, miguu imechoka. Mathree ikapiga honi. Nikamwinua kifuani, mzito, ameloa, ananuka mto, nikasimama kando ya barabara ya magari kungoja apate nguvu.