Rangi ya Wino wa Mwalimu

Je, ni haki mwalimu kuisahihisha kazi ya mwanafunzi kwa wino mwekundu? Wapo watakaocheka kulisikia swali hili. Wino ni wino, watasema, na kosa ni kosa kwa rangi yoyote ile. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao, kabla sijalitafakari jambo lenyewe.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili alinirudishia insha iliyojaa wekundu tangu kichwa hadi tamati. Sikuisoma. Nililifunga daftari, nikalitia chini kabisa ya sanduku langu, na muhula mzima sikuthubutu kuandika sentensi iliyozidi maneno sita, kwani sentensi fupi ina nafasi chache za kukosea. Miaka ikapita. Siku nilipolipekua sanduku lile, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, niliona kwamba pambizoni mwa ukurasa wa pili mwalimu alikuwa ameandika: “Hapa umenifikirisha.” Sifa hiyo ilikuwa kwa wino ule ule mwekundu, nami nilikuwa nimeihesabu pamoja na makosa.

Wekundu haukuzaliwa na lawama. Waandishi wa misahafu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliipamba kazi yao kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Humo wekundu ulikuwa heshima ya maneno. Shule ndiyo iliyoufundisha kulaumu.

Wala athari yake haimwishii mwanafunzi. Mwaka 2010 Rutchick, Slepian na Ferris, watafiti wa Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yao: watu waliopewa kalamu nyekundu waliona makosa mengi zaidi katika insha kuliko waliopewa za buluu, na katika jaribio jingine wakatoa alama za chini zaidi. Insha ilikuwa ile ile. Kumbe kalamu humwongoza hata aliyeishika!

Hata hivyo siwaungi mkono wanaodhani kwamba tukibadili rangi tumekwisha kutenda haki. Mwalimu anayelificha kosa ili mtoto asiumie amemnyima elimu aliyoijia shuleni. Wino wa kijani nao, ukitumiwa kwa kejeli miaka kumi, utaogopwa vilevile. Tena tusimwonee mwalimu mwenye madaftari themanini mezani, usiku, aliyechagua wekundu kwa kuwa huonekana upesi juu ya maandishi ya buluu. Hiyo ni sababu ya kazi, na ni sababu njema.

Ninalolitilia shaka ni kosa na sifa kuandikwa kwa wino mmoja, ilhali mwanafunzi husoma rangi kabla ya kusoma neno. Wazee waliotulea walipomaliza kutukaripia walibadili sauti, wakatuita kwa jina, ndipo wakasema lile jema waliloliona kwetu. Bila mabadiliko hayo ya sauti tusingalilisikia.

Ofisini vijana huniletea mashairi yao niyatazame. Makosa ya vina na mizani huyapigia mstari mwekundu, yote, bila kusaza. Kando ya mshororo ulionigusa nilizoea kuandika kwa penseli. Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza, kwa adabu, mbona makosa yake nimeyaandika kwa wino na sifa yake kwa kitu kinachofutika. Sikuwa na jibu. Siku hizi natembea na kalamu mbili, na ya pili ni ya wino mweusi.