Fedha ya Dawa na Watu wa Kijiji

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6, twasoma habari ya manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Chakula kilikuwapo, kilichokosekana ni utaratibu wa kukigawa kwa haki. Nao mitume hawakuwateua wagawaji kwa siri. Waliwakusanya waamini wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema, ndipo wakawawekea mikono.

Twaileta habari hii kwa sababu ya ugonjwa wa usubi, upofushao macho na kuharibu ngozi, ambao watu wa Mahenge, wa Tukuyu na wa Usambara waujua. Mdudu wake huzaliwa penye mito iendayo kasi. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya ivermektini kwa muda wote itakapohitajiwa. Walakini dawa iliyolala bandarini haimfai mtu wa milimani. Basi mwaka 1995 serikali kadha wa kadha, pamoja na Benki ya Dunia, zilianza kutia fedha katika mfuko mmoja kwa ajili ya Afrika, na kazi ikasimamiwa na Shirika la Afya Duniani hata mwaka 2015.

Fedha ile ilinunua nini? Safari za dawa, mafundisho, madaftari, na fimbo za kumpimia mtu urefu ili ijulikane apewe vidonge vingapi. Lakini wagawaji hawakuletwa kutoka mjini. Kijiji chenyewe kiliketi barazani, kikawachagua, kikaamua mwezi na mahali, kama ni nyumba kwa nyumba ama pamoja chini ya mti. Hapa ndipo penye uzito kwetu. Mtu aliyejifunza kuwaandika watu wote wa kitongoji chake, asimruke mjane wala mgeni, hausahau ujuzi huo vidonge vikwishapo. Huko Kamerun, Nigeria na Uganda wagawaji hao hao walikabidhiwa pia vyandarua na dawa za malaria, na watoto wengi zaidi wakatibiwa.

Tena tuseme wazi: fedha yaweza kubomoa. Akija mwingine na posho kwa kazi ya siku mbili, mgawaji wa usubi asiyelipwa huuliza kwa nini yeye atembee bure. Wala hatumlaumu, maana shamba lake lamngoja. Kijiji kilichomchagua hakina budi kumsaidia, hata kwa kumlimia siku moja.

Mnyoo mkubwa wa usubi huishi mwilini miaka 10 hata 15, na dawa huwaua watoto wake tu. Kwa hiyo kugawa ni kwa miaka mingi. Ndugu walimu, daftari likisomwa barazani, ulizeni kwanza majina ya waliorukwa mwaka jana. Mama aliyekuwa na mimba hakupewa, na ilikuwa sawa. Sasa amekwisha kujifungua, na mtoto wake anatambaa. Vidonge vyake vi wapi?