Yamkini na Hakika

Mwaka 1984 liliokotwa katika barafu ya Antaktika jiwe la uzito upatao kilo 2, ambalo baadaye lilitambulikana kuwa limetoka katika sayari ya Mirihi. Mwaka 1996 David McKay na wenzake wa Marekani walitangaza kwamba ndani yake mna kaboni na dalili nyingine ambazo yamkini ni alama za uhai wa kale. Ulimwengu ukasisimka, hata Rais Clinton akalihutubia taifa juu ya jiwe.

Walakini kaboni ni shahidi mgumu. Imo katika damu yako, na imo vilevile katika mawe yasiyojua uhai. Mwaka 2022 Andrew Steele na wenzake walionyesha kwamba kaboni ya jiwe lile yaweza kuelezwa kwa maji yaliyokutana na mwamba, pasipo kiumbe chochote.

Je, McKay alitudanganya? Wako wasemao kwamba mwenye elimu hana budi kunyamaza mpaka apate yakini. Mimi sikubali. Mwongo huficha jiwe. Yeye alieleza njia aliyoifuata, na jiwe likabaki wazi kwa wenye kutaka kumkosoa. Kosa naliona zaidi kwetu wasikilizaji: yeye alisema “yamkini”, nasi tukaenda mbio kusimulia “hakika”.