Nani Aliogopa Zaidi: Kijana ao Mzee?

Wote twajua kwamba aliye karibu na hatari ndiye anayeogopa. Mwenye kuteka maji penye mamba hutazama mto kwa hofu. Mwenye kukaa mlimani hulala usingizi. Ndivyo tunavyofikiri siku zote. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani pote, mambo yalionekana kinyume. Leo twataka kulifikiri jambo hilo pamoja, maana ndani yake mna swali la haki: ni nani tunayepaswa kumfariji?

Tutazame nchi ya Marekani, ambako mambo haya yalihesabiwa kwa uangalifu. Ugonjwa ule haukuwapata watu wa kila umri sawasawa. Katika watu 10 waliouawa nao huko mwaka ule, 8 hivi walikuwa na miaka 65 ao zaidi. Vijana walioambukizwa, wengi sana walipona. Basi, mtu angedhani ya kuwa wazee walitetemeka, na vijana walitulia.

Mwishoni mwa Juni 2020, idara ya serikali inayoangalia magonjwa iliwauliza watu wazima zaidi ya 5,400 juu ya hali ya mioyo yao. Tusikie majibu. Kati ya wenye miaka 18 mpaka 24, katika kila watu 100, karibu 63 walionyesha alama za wasiwasi mkubwa ao za huzuni nzito. Kati ya wenye miaka 25 mpaka 44, walikuwa 40. Kati ya wenye miaka 45 mpaka 64, walikuwa 20. Na wenye miaka 65 na kupita? Walikuwa 8 tu. Tena, robo ya vijana wale walisema kwamba katika siku 30 zilizopita walifikiri kweli kujiua.

Kumbe, kadiri kifo kilivyokuwa karibu, ndivyo hofu ilivyopungua! Sababu gani?

Wako watu wanaojibu upesi: «Vijana wa siku hizi ni walegevu. Hawakuzoea taabu.» Sisi twasema kwamba jibu hilo ni rahisi mno, wala si la haki. Tuzifikiri sababu moja moja.

Kwanza, mzee amekwisha kupita njia nyingi. Mmarekani aliyekuwa na miaka 70 mwaka 2020, utotoni mwake aliwaona wazazi wakiogopa ugonjwa wa polio, kabla chanjo yake haijapatikana mwaka 1955. Aliona mafua makali ya 1957 na ya 1968, na vita vya Vietnam. Amezika wazazi, labda amezika na mwenzake wa ndoa. Anajua kwamba mabaya huja, tena hupita. Lakini kijana wa miaka 20 hajaona bado mwisho wa taabu kubwa hata moja. Usiku wake wa kwanza aliufikiri kuwa usiku usio na asubuhi.

Pili, mwenye siku chache huchagua vizuri namna ya kuzitumia. Laura Carstensen, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, amechunguza jambo hili miaka mingi. Anafundisha kwamba mtu akiona wakati wake umebaki mfupi, huacha mambo ya bure, hushika watu anaowapenda na mambo yenye maana. Aprili 2020, yeye na wenzake waliwauliza Wamarekani 945, wa miaka 18 mpaka 76. Wazee walijua vizuri kwamba hatari ni yao. Hata hivyo walikuwa na utulivu kuliko vijana. Si ujinga, basi. Ni matunda ya miaka.

Tatu, ugonjwa ulimnyang'anya kila mtu kitu chake. Mzee ulimtishia uhai. Kijana ulimnyang'anya mwanzo wa maisha. Vyuo vilifungwa Machi 2020. Mwezi wa Aprili, karibu wafanyakazi 15 katika 100 walikuwa hawana kazi, na kati ya vijana hesabu hiyo ilizidi sana. Arusi ziliahirishwa, marafiki walitengana. Mzee nyumba yake imekwisha kujengwa. Kijana alisimama na matofali mkononi, akaambiwa: «Ngoja», wala hakuna aliyemwambia mpaka lini. Na wale wa katikati walikuwa na watoto nyumbani bila masomo, huku wakiwaza mkate wa kesho.

Hapa ndipo swali la haki linapotokea. Kijana yule alifungiwa nyumbani kwa faida ya nani? Kwa sehemu kubwa, kwa faida ya wazee na wagonjwa, ugonjwa usifikishwe kwao. Ilikuwa vema hivyo. Lakini aliyetoa sadaka kwa ajili yangu, je, ni haki nimcheke akilia? Mtu akinibebea mzigo, sina ruhusa ya kumwuliza kwa nini anatoka jasho.

Tuangalie pia tusije tukakosea upande wa pili. Watu wale waliulizwa kwa njia ya intaneti. Mzee asiye nayo, ao aliyelala mgonjwa, hakuulizwa. Tangu tarehe 13 Machi 2020, serikali iliagiza nyumba za kutunzia wazee zisipokee wageni, isipokuwa kwa mgonjwa aliye karibu kufa. Wengi walikaa miezi bila kushikwa mkono na mtoto wao. Utulivu wa wazee wengi si ruhusa ya kumsahau mzee mmoja aliye pekee.

Basi, jibu letu ni hili: hatari ina kipimo chake, na uchungu wa moyo una kipimo kingine. Mganga hupima hatari, ajue nani apewe chanjo kwanza. Lakini mwenye kufariji hapimi hatari. Hutazama mzigo uliomlemea mtu, awe mzee ao kijana.

Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari kwa dunia nzima imekwisha. Lakini fundisho lake halikukwisha. Kesho taabu nyingine itakuja, na kila jamaa ina mzee na ina kijana.

Ninyi wazee, msiwaambie vijana: «Sisi tuliona makubwa kuliko haya», halafu mkanyamaza. Waambieni namna mlivyopita. Ninyi vijana, msione haya kusema moyo unapolemewa; tena mkae na wazee, maana wanacho mnachotafuta. Na mtu akionekana amekata tamaa, tumwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema. Kisha tusimwache peke yake, tumsindikize kwa mganga.

Amani ya mzee ilimgharimu miaka 70. Tusimdai kijana ailipe kwa siku moja.