Hesabu ya Mama Yake Babu

Siku hizi anayefika kwetu Butembo na daftari mkononi huja kuuliza vita. Huuliza mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014, huuliza waasi wa M23 walivyoingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024. Babu yangu ameyajibu hayo mpaka amechoka, maana yeye mwenyewe ni mkimbizi wa vita hapa nyumbani kwetu. Kwa hiyo tulipoanza kuandika maisha yake alinipa sharti: kitabu kiishie siku alipoota ndevu. "Vita mtaandika ninyi. Havijaisha."

Nimelipenda sharti hilo. Mzee wa Kivu ana haki ya kukumbukwa kwa jambo jingine mbali na kukimbia.

Basi tumeanza na pareto. Walowezi wa Kibelgiji waliilima kwenye vilima vya Lubero, na watoto walichuma maua wakilipwa kwa uzito. Babu na wenzake waliwahi alfajiri, umande ukiwa bado juu ya maua, ili kapu lilemee kwenye mizani. Kapita, msimamizi wao, naye hakuwa mjinga. Aliyamwaga maua kwenye mkeka, akawasha kiko chake, akawaambia wangoje jua. Babu akifika hapo hucheka mpaka akohoe, nami huweka kalamu chini.

Tarehe ndizo zinazosumbua. Kadi yake ya mpiga kura ina mwaka mmoja wa kuzaliwa, kitabu cha ubatizo cha parokia kina mwingine. Yeye ana hakika ya jambo moja tu: tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, alikuwa ameshapokea komunyo ya kwanza. Nimeyaandika yote, msomaji achague.

Lakini sisi Wanande tunayo hesabu nyingine, ya majina. Mvulana wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Babu ni Kakule, na mimi nimekua nikisikia habari za kaka zake wawili tu, kifungua mimba na Kasereka. Nikamuuliza, "Babu, Kambale yuko wapi?" Kumbe alifariki kwa surua kabla babu hajazaliwa. Karani wa sensa alipopita kijijini aliandika watoto sita. Mama yao akasema saba. Karani akatazama uani, akahesabu upya, sita. Mama akasema saba, akasimama mlangoni mpaka aandikiwe saba.

Kambale amepata ukurasa wake. Ni mfupi, kwa kuwa babu hajui zaidi na hataki nimtungie.

Nakala ya kila sura naituma kwa ndugu yetu aliyeko Kampala. Wanaokimbia usiku hawabebi makaratasi. Na dada yake babu, aliyesomewa sura ya pareto kwa simu, ameipinga. Anadai lile kapu la maua mabichi lilikuwa lake, na fimbo ya kapita aliipata yeye. Babu hataki kufuta hata neno. Bibi huyo naye ameagiza sura yake mwenyewe, na anataka itangulie ile ya babu.