Mlango Ulipojaa Watu



Jumapili moja, wakati wa Komunyo Takatifu, mzee mmoja alishindwa kushika kikombe kwa kutetemeka mikono. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba amerogwa. La, hakurogwa. Alikwisha kuambiwa hospitalini kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la tabibu wa London aliyeueleza mwaka 1817. Seli za ubongo zitengenezazo dopamini hufa kidogo kidogo, na viungo huacha kutii. Dawa tulizo nazo hutuliza, lakini hazirudishi seli zilizokufa.

Wataalamu wanajaribu kuziba pengo hilo kwa seli shina. Seli hizo ni kama mwanafunzi ambaye bado hajapangiwa kazi: aweza kuwa mwalimu, seremala au tabibu. Mwaka 1998, huko Marekani, zilikuzwa kutoka katika viinitete vya binadamu, navyo vikaharibiwa. Wakristo wengi waliuliza: je, ni halali kumponya mkubwa kwa kumtoa mdogo asiye na sauti?

Tabibu Shinya Yamanaka wa Japani alipotazama kiinitete katika hadubini, aliwakumbuka binti zake, akatafuta njia nyingine. Mwaka 2006 alizirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya uchanga, na mwaka 2007 seli za binadamu. Mwaka 2025 madaktari wa Kyoto walieleza jinsi wagonjwa 7 walivyopandikizwa ubongoni seli zilizopatikana kwa njia hiyo, bila madhara makubwa. Kati ya 6 waliopimwa nafuu, 4 walionyesha nafuu ya viungo. Huo ni mwanzo tu. Basi tusiuze shamba kwa ajili ya mtu yeyote aahidiye uponyaji wa haraka.

Ndugu zangu, dhamiri haikuufunga mlango wa uponyaji. Ilitafuta mlango mwingine. Kumbukeni wale watu wanne katika Marko sura ya 2. Walipokuta mlango umejaa watu, hawakumkanyaga mtu. Walipanda juu ya dari, wakamteremsha mwenzao mbele ya Yesu.

Nasi yatupasa kubeba. Mzee wetu akija tena mezani pa Bwana, mmoja wetu amsaidie kushika kikombe. Kazi hiyo haingoji maabara.

Mungu atupe mikono ya kusaidia. Amina.